Wembamba wa Mtutu: Faida na Hasara za Bunduki Nyepesi kwa Kurejelea Migori na Homa Bay

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkumbusha mtu asidharau taabu asiyoibeba yeye mwenyewe. Katika makala hii inatumika kuangazia suala ambalo halijajadiliwa vya kutosha kwa lugha ya Kiswahili, nalo ni unene na wembamba wa mtutu wa bunduki. Mhandisi anayechora bunduki mezani anaweza kuziona gramu 300 za chuma kuwa si kitu. Askari wa wanyamapori anayeanza doria alfajiri katika bonde la Lambwe na kurejea jua linapotua huziona gramu hizo hizo kwa bega lake. Hata hivyo, ni chuma hicho hicho kinachoamua iwapo risasi yake itapiga anapolenga au kando yake.

Makala hii inadhamiria kueleza faida na hasara za mtutu mwembamba, sababu za kimaumbile zinazozaa faida na hasara hizo, na jinsi watengenezaji wa silaha walivyojaribu kuzipatanisha. Mifano imetolewa hasa katika Kaunti za Migori na Homa Bay, magharibi mwa Kenya, ambako suala hili lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa.

Istilahi

Ni vyema kuanza na maneno. Kiswahili kina majina mawili ya bomba la chuma linalopitisha risasi: mtutu na kasiba. La kwanza ndilo linalosikika zaidi siku hizi, nalo ndilo litakalotumika hapa. Sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea ganda lenye baruti itaitwa chemba, na ncha ya mbele itaitwa mdomo. Ndani ya mtutu wa bunduki ya kisasa mna mifereji ya msokoto inayoizungusha risasi ili isipinduke hewani. Gobori la wazee wetu, lililoshindiliwa baruti kupitia mdomoni, kwa kawaida halikuwa na mifereji hiyo.

Mtutu mwembamba si mtutu wenye tundu dogo. Tundu hufuata kipimo cha risasi, na bunduki mbili zinaweza kufyatua risasi ya aina moja ilhali mitutu yake inatofautiana kwa unene wa ukuta wa nje. Aidha, mtutu mwembamba hauwi mwembamba mwanzo hadi mwisho. Baruti inapowaka, shinikizo la gesi huwa kali mno karibu na chemba, kisha hupungua kadiri risasi inavyosonga mbele. Kwa hiyo ukuta wa chemba huachwa mnene, na chuma hupunguzwa kuelekea mdomoni. Anayeuona mtutu mwembamba akadhani kuwa utapasuka kwa risasi ya kawaida amekosea, mradi umetengenezwa kiwandani kwa chuma cha pua kinachofaa na kupimwa ipasavyo.

Uzito na mbebaji wake katika historia

Septemba 1914, wiki chache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuzuka, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka wa kusini na kuingia Kisii, ambako kilipambana na wanajeshi wa King's African Rifles tarehe 12 mwezi huo. Nchi iliyokuwa kati ya mpaka huo na Kisii ndiyo sehemu kubwa ya Migori ya leo. Mwezi huo huo, katika ghuba ya Karungu, meli ya Waingereza iliyoitwa Winifred ilikabiliana na chombo cha Wajerumani kilichoitwa Muansa.

Matukio haya mawili yanadhihirisha tofauti iliyo muhimu kwa mada hii. Mzinga wa melini hubebwa na meli, na uzito wake si tatizo la baharia. Bunduki ya nchi kavu hubebwa na binadamu. Bombomu la wakati ule, yaani bunduki ya rashasha ya aina ya Maxim, lilizungushiwa mtutu wake bomba lililojazwa takribani lita 4 za maji ili usiungue kwa mfululizo wa risasi. Maji hayo yalikuwa suluhisho la joto, lakini yalizaa tatizo la mzigo: silaha, miguu yake, risasi na maji vilihitaji mabega.

Mabega hayo yalitolewa na wapagazi, wengi wao wakiwa vijana wa Nyanza walioandikishwa katika kikosi cha wachukuzi ambacho jina lake limesalia hadi leo katika mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kwa mintarafu hiyo, swali la uzito wa silaha si swali la starehe. Ni swali la nani anayeulipia uzito huo.

Mabadiliko ya kemia nayo yalichangia. Askari wengi wa upande wa Wajerumani mwaka 1914 walikuwa wakitumia bunduki za muundo wa 1871 zenye tundu la milimita 11, zilizotumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Baruti isiyo na moshi iliyoenea kuanzia miaka ya 1880 ilikuwa na shinikizo kubwa zaidi, na iliwalazimu watengenezaji kutafuta chuma cha pua kilicho imara zaidi. Chuma hicho kilipopatikana ndipo ilipowezekana kukonda mtutu bila kuhatarisha uhai wa mfyatuaji.

Faida za mtutu mwembamba

Faida ya kwanza ni wepesi, na inafaa ipimwe kwa hesabu. Chukua mtutu wa sentimita 50 wenye tundu la milimita 5.6. Kipenyo cha nje kikiwa milimita 16 mwanzo hadi mwisho, chuma chake kina uzito wa takribani gramu 690. Kipenyo kikiongezwa hadi milimita 19, uzito unafika takribani gramu 1,015. Milimita 3 tu za kipenyo zimeongeza gramu 325. Kwa anayetembea kilomita 20 kwa siku, uzito huo unaweza kuwa maji ya kunywa.

Faida ya pili ni mahali uzito ulipo. Mtutu uko mbele ya mikono, kwa hivyo kila gramu iliyo karibu na mdomo huivuta bunduki chini kama ndoo iliyotundikwa kwenye ncha ya mti. Mtutu ukikondeshwa mbele, kitovu cha uzito hurudi kati ya mikono miwili, nayo bunduki huinuliwa na kuelekezwa upesi. Katika kichaka ambamo nyati huweza kutokea hatua chache mbele, upesi huo ni uhai.

Faida ya tatu ni uchovu mdogo. Mkono uliochoka hutetemeka, na mkono unaotetemeka hukosa shabaha. Hapa ndipo hoja ya wanaopenda mtutu mwembamba inapokuwa na nguvu: usahihi wa bunduki iliyofungwa kwenye meza ya majaribio si usahihi wa bunduki iliyo mikononi mwa mtu aliyetembea mchana kutwa. Bunduki nzito iliyo sahihi mezani inaweza kukosea porini kwa sababu mbebaji wake amechoka.

Faida ya nne hutajwa kwa nadra. Mtutu mwembamba hupoa haraka, kwa kuwa eneo lake la nje ni kubwa likilinganishwa na uzito wa chuma chake. Hali hii inafanana na vyombo vya jikoni. Sufuria nyembamba inayotumiwa kukaangia omena kule Mbita hushika moto mara moja na kupoa mara moja, ilhali karai zito huchelewa kushika moto na huendelea kuunguza hata baada ya makaa kuondolewa.

Hasara zake

Mfano huo huo wa sufuria unatupeleka kwenye hasara ya kwanza, ambayo ni joto. Kila risasi inayofyatuliwa huacha sehemu ya joto lake ndani ya mtutu. Kiasi hicho hakibadiliki sana kwa sababu ya unene wa ukuta. Kinachobadilika ni wingi wa chuma cha kukipokea. Katika mfano wa juu, mtutu mnene una chuma karibu mara moja na nusu ya mwembamba. Basi mfululizo wa risasi unaopandisha joto la mtutu mnene kwa nyuzi 100 utapandisha la mwembamba kwa takribani nyuzi 147, kabla ya kuhesabu upoaji. Ukuta ukiwa na unene usiolingana pande zote, au chuma kikiwa na mkazo uliobaki tangu kiwandani, joto huupinda mtutu kidogo upande mmoja. Risasi ya kwanza hupiga palipolengwa. Ya kumi huenda ikapiga pengine. Joto jingi zaidi hulainisha chuma na kula mifereji ya ndani.

Hasara ya pili ni kupungua kwa ugumu wa kustahimili kupindwa. Kanuni ya uhandisi inasema kuwa ugumu wa fimbo ya duara hufuata kipenyo chake kikizidishwa chenyewe mara nne. Kwa hesabu hiyo, mtutu wa milimita 19 una ugumu karibu mara mbili ya ule wa milimita 16, ingawa uzito wake haukuongezeka mara mbili. Kinyume chake ni kweli pia: anayepunguza theluthi moja ya chuma hupoteza nusu ya ugumu. Mtutu mwembamba hutikisika zaidi risasi inapopita, kama ufito wa ndoana unavyotikisika kuliko nguzo ya nyumba. Vilevile huathiriwa zaidi na mguso. Askari akiuegemeza kwenye shina la mti au akivuta mkanda uliofungwa mbele yake, shabaha husogea.

Hasara ya tatu ni teke la bunduki. Risasi ikiwa ile ile, bunduki iliyo nyepesi zaidi hurudi nyuma kwa kasi zaidi begani. Askari anayeliogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa.

Hasara ya nne inahusu usalama. Mdomo wa mtutu ukiziba kwa matope, risasi ya kwanza inaweza kuufutua au kuupasua, na ukuta mwembamba hutoa nafasi ndogo zaidi ya kusamehewa. Katika udongo mweusi wa Lambwe unaonata wakati wa mvua, kuukagua mtutu baada ya kuanguka ni wajibu.

Funzo la bunduki ya msituni

Historia inatoa mfano mmoja unaoihusu Kenya moja kwa moja. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uingereza lilihitaji bunduki fupi na nyepesi kwa ajili ya misitu ya Asia, ambako wanajeshi wa Afrika Mashariki nao walipigana nchini Burma. Kuanzia mwaka 1944 ilitengenezwa Lee-Enfield Nambari 5. Mtutu wake ulifupishwa kutoka takribani sentimita 64 hadi takribani 48, chuma kikachongwa na kupunguzwa kwenye shina la mtutu na kwenye mwili wa bunduki, na uzito ukashuka kutoka takribani kilo 4.1 za Nambari 4 hadi takribani kilo 3.2.

Ilibebeka vizuri, lakini malalamiko yalianza. Teke lake lilikuwa kali, kwani kwa risasi ile ile nguvu ya kurudi nyuma iliongezeka kwa takribani robo, na kitako chake chembamba cha mpira hakikusaidia. Mdomo wake mfupi ulitoa mwako mkubwa, hata ukafungiwa faneli ya kuuficha. Zaidi ya hayo, ilidaiwa kuwa bunduki iliyorekebishwa ikapiga sawasawa siku moja ilikutwa siku nyingine ikipiga pengine, bila kuguswa. Wengi walilaumu chuma kilichopunguzwa. Wengine walishuku kuwa malalamiko yalikuzwa. Vyovyote iwavyo, utengenezaji wake ulikoma mwaka 1947. Bunduki zilizobaki ziliendelea kutumika, zikiwemo zile zilizobebwa na majeshi ya serikali ya kikoloni nchini Kenya wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950.

Marekani nayo ilipitia njia iyo hiyo. Bunduki ya M16 ya miaka ya 1960 ilikuwa na mtutu mwembamba. Katika miaka ya 1980 toleo la M16A2 liliongezewa unene katika sehemu ya mbele. Baadaye bunduki fupi ya M4 ilipotumika kwa mifululizo mirefu ya risasi, jeshi hilo lilianza mwaka 2014 kuzibadilisha kuwa M4A1 yenye mtutu mzito zaidi. Kwa hiyo suala hili halikuamuliwa mara moja. Huenda na kurudi kama pembea, kulingana na kazi iliyo mbele.

Njia za kati

Watengenezaji wamejaribu njia kadhaa za kupatanisha pande hizi mbili. Ya kwanza ni kuufupisha mtutu badala ya kuukonda tu, kwa sababu fimbo fupi hupindika kidogo kuliko ndefu ya unene ule ule, ingawa risasi hupoteza sehemu ya kasi yake. Ya pili ni kuchonga mifereji ya nje kwenye mtutu mnene ili kupunguza uzito huku sehemu kubwa ya ugumu ikibaki. Ya tatu ni kuuviringishia mtutu mwembamba wa chuma nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Hupata ugumu bila uzito mwingi, lakini bei yake hupanda. Ya nne, iliyo rahisi, ni kuuacha mtutu uelee, yaani usiguswe na mbao wala plastiki mahali popote mbele ya chemba. Bunduki ya G3, iliyotumiwa kwa miaka mingi na polisi na askari wa wanyamapori wa Kenya, ina mtutu wa namna hiyo, japo uzito wake unazidi kilo 4 bila risasi.

Ruma na ufuo wa ziwa

Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika Kaunti ya Homa Bay, ina eneo la kilomita mraba 120. Ilianza kama hifadhi ya wanyama ya bonde la Lambwe mwaka 1966 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Humo ndimo walimosalia korongo wa Kenya, paa wakubwa wenye pembe zilizopindia nyuma ambao wametoweka kwingineko nchini. Vifaru weusi nao walipelekwa humo mwanzoni mwa miaka ya 2010. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Kwa hiyo mwenye bunduki kihalali katika bonde hilo si mwindaji, bali ni mlinzi.

Kazi ya mlinzi huyo huonyesha kwa uwazi lini wembamba unafaa na lini haufai. Siku nyingi hafyatui risasi hata moja. Hutembea katika nyasi ndefu, hutafuta mitego ya waya, huhesabu wanyama, na hupambana na mbung'o. Kwa siku hizo bunduki nyepesi ni rehema. Katika ufuo wa Ziwa Victoria, kuanzia Homa Bay hadi Karungu upande wa Migori, viboko huingia mashambani usiku na huweza kumuua mvuvi au mkulima. Inapolazimu, kama hatua ya mwisho, kumpiga risasi kiboko aliyeua, risasi inayotakiwa ni moja au mbili, kutoka katika mtutu uliopoa. Hapa pia mtutu mwembamba uliotengenezwa vizuri hauna upungufu mkubwa, kwa kuwa ila yake ya joto haipati nafasi ya kujitokeza. Wenye kuukosoa wakipima mfululizo wa risasi ishirini huwa wanapima kazi ambayo askari huyu haifanyi.

Lakini kuna siku ya tatu, iliyo nadra: siku ya makabiliano na majangili wenye silaha. Siku hiyo risasi hufuatana, mtutu hupata moto, na kosa la shubiri moja linaweza kumuumiza mwenzake, mwanakijiji aliye ng'ambo ya ua, au mnyama anayelindwa. Siku hiyo mtutu mnene zaidi ungekuwa bora. Ugumu wa uamuzi umo humu: siku ya kawaida humchosha askari polepole, na siku ya nadra humjaribu ghafla. Anayemchagulia silaha sharti azihesabu zote mbili.

Jibu la busara linategemea pia mafunzo. Askari aliyezoezwa kuijua bunduki yake ikiwa baridi na ikiwa moto anafahamu risasi zake zinaelekea wapi baada ya mfululizo. Anajua asiuegemeze mtutu kwenye shina, akague mdomo wake baada ya mvua, na apumzishe silaha inapowezekana. Mazoezi hayo yanahitaji risasi na muda, na pale vinapokosekana hata mtutu bora hausaidii sana.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba mtutu mwembamba hupunguza mzigo, huharakisha mwelekeo na hupoa upesi, lakini hushika moto mapema, hutikisika zaidi, huongeza teke na hauvumilii uzembe. Mtutu mnene una sifa zilizo kinyume. Hakuna ulio bora kwa kila kazi. Ulio bora ni unaolingana na idadi ya risasi zitakazofyatuliwa na idadi ya kilomita zitakazotembewa. Kenya ilifungua kiwanda chake cha silaha ndogo huko Ruiru mwaka 2021, na uamuzi wa aina hii hautakuwa tena wa viwanda vya ng'ambo peke yake. Ni matumaini kwamba watakaoamua watawauliza kwanza wale wanaotembea Lambwe na Karungu, kwa sababu kwao mzigo huo haujawahi kuwa kanda la usufi.